Programu ya mazoea kwa simu za Unguja na Pemba: ifuate adhana na bamvua

Mtu akisema "kuanzia kesho nitatembea", muulize: baada ya nini? Akijibu "baada ya laasiri", umeshapata skrini ya kwanza ya programu yako. Zoea jipya hushika likifungwa kwenye jambo ambalo mtu analifanya tayari bila kuambiwa, na siku ya kwetu imejaa mambo hayo: alfajiri, chai, laasiri, watoto kurudi kutoka chuo cha Kurani, magharibi. Skrini hiyo iwe na sentensi moja tu: "Nikimaliza ____, nita____." Pengo la kwanza achague kwenye orodha, la pili aandike mwenyewe. Akiandika "nitafanya mazoezi", programu imwombe apunguze: "nitatembea mpaka skuli na kurudi" ni kitu kinachoweza kufanyika leo. Mwanzoni mpe nafasi ya mazoea matatu, basi.

Nyakati za sala zikokotolewe ndani ya simu, bila bando. Kwa Mjini Unguja tumia latitudo 6.16 kusini na longitudo 39.19 mashariki; Chake Chake ni 5.25 na 39.77. Magharibi huhama kwa kama nusu saa katika mwaka, kwa hiyo kikumbusho kilichogandishwa saa 12:30 jioni kuna miezi kitalia mtu yumo ndani ya sala. Kilie dakika 20 baada ya adhana, na mtumiaji aweze kuongeza au kupunguza dakika, maana kila mtu hufuata msikiti wake.

Kwa wanaotaka saa, hapa ndipo programu za nje huchemka. Bibi anataka kukumbushwa dawa ya presha saa 2 asubuhi. Kidirisha cha kawaida cha Android kinamwonyesha namba na AM. Anagusa 2, na simu inamkurupusha saa 8 ya usiku. Mwache achague kipindi kwanza (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku), kisha namba. Kwenye hifadhidata weka dakika tangu saa 6 usiku. Tofauti ya saa sita kati ya saa ya Kiswahili na ya simu iwe ya maonyesho tu. Siku nayo igeuke saa 9 usiku, ili anayefunga duka akachelewa kulala asinyang'anywe siku yake.

Si kila zoea ni la kila siku. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani huingia shambani kwake wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji yakitoka. Ukimdai alama kila siku, maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, yatamfanya aonekane mvivu. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na ukipevuka, na maji kupwa huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua utazipata kwa umri wa mwezi, yaani siku tangu uandame. Saa ya kupwa ichukue kwenye jedwali la maji, usiibahatishe.

Kuhesabu mfululizo na kuurudisha sifuri mtu akikosa ni kumfukuza. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikadiria kuwa zoea huchukua siku 18 hadi 254 kukaa, wa katikati akiwa na 66, na kukosa siku moja hakukuvuruga kitu. Basi nishani ya "siku 21", ile dhana kuwa zoea hukaa kwa wiki tatu, iache. Onyesha "siku 9 kati ya 10". Weka pia kitufe cha "Nina udhuru" kisichouliza sababu wala kuhesabu kosa: kuna wagonjwa, kuna wasafiri, kuna wanawake walio hedhini, na simu huenda ni ya nyumba nzima. Kwa sababu hiyohiyo, kioo kikiwa kimefungwa arifa isitaje dawa.

Ramadhani usiifungie tarehe kwenye msimbo, mwezi huonekana au hauonekani. Jioni ya siku ya 29 Shaaban, baada ya magharibi, programu iulize tu: "Kesho tunafunga?" Jibu likiwa ndiyo, glasi za maji zihamie kati ya futari na daku. Kumkumbusha aliyefunga anywe maji saa 7 mchana ni kujitafutia kufutwa.

Malalamiko mengi yatakuwa "haikulia". Simu ikizimwa, Android husahau kengele zote, hivyo zipangwe upya kila inapowaka. Kuanzia Android 13 arifa zinahitaji ruhusa: iombe mtu akishaweka zoea la kwanza, si mara tu anapofungua. Android 14 huzinyima programu nyingi kengele za dakika kamili. Ziombee dawa tu, matembezi yakichelewa dakika kumi hakuna neno. Baadhi ya simu za bei nafuu huua programu zisizokuwa wazi kwenye kioo ili kuokoa betri, kwa hiyo weka ukurasa wenye picha unaoonyesha pa kuzima uokoaji huo.

Kabla ya kutoa, nenda barazani na simu ya RAM ya GB 2. Mpe mtu, mwambie aweke zoea moja, kisha nyamaza. Watu watano wanatosha. Andika kila mahali kidole kiliposita, hata kama mwenyewe atakwambia "iko sawa tu".