Doti ya khanga darasani: kuchapa kwa mihuri ya kandambili

Khanga, au leso kama wasemavyo Mombasa, ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, kuna jina, yaani maneno ya methali au ujumbe. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyo sawa. Usawa huo ndio unaoifanya iwe kazi bora ya darasa la sanaa: wanafunzi wawili wanasanifu pamoja, wanachapa vipande viwili vinavyofanana, na mwisho kila mmoja anakwenda nyumbani na chake. Hapo mtoto anaona kwamba ua alilolichora vizuri mara moja ni jambo moja, na ua linaloweza kurudiwa mara 24 bila kuharibika ni jambo jingine.

Vipimo vyote hapa ni vya wanafunzi 40, yaani jozi 20 na vipande 40. Panga vipindi vinne vya dakika 80 kila kimoja: kuchora, kukata mihuri, kuchapa pindo, kisha mji na jina. Kubana kazi yote katika vipindi viwili huharibu hatua ya mwisho, kwa sababu jina linawekwa wakati pindo bado bichi.

Kitambaa

Nunua mita 6 za marekani, ile pamba nyeupe isiyong'aa, yenye upana wa sm 150. (Jina hilo limebaki tangu karne ya 19, pamba ya viwanda vya Marekani ilipokuwa ikishushwa Zanzibar.) Muuzaji akisema ni pamba tupu, chomoa nyuzi mbili tatu uzichome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, kuna polyesta ndani, na rangi haitashika vizuri.

Fua kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata. Kitambaa kipya kina dondo, yaani wanga wa kukikaza. Ukichapa juu yake, rangi itakaa juu ya dondo na kubanduka nalo siku ya kwanza ya kufuliwa. Tena kitajikunja: sm 150 huweza kubaki sm 145 hivi. Kikauke, kipigwe pasi, ndipo ukate vipande vya sm 48 kwa 38. Vitatu vinaingia katika upana, na safu 14 zinatoa vipande 42, viwili vikiwa vya kujaribia.

Ndani ya kila kipande chora kwa chaki na rula mstatili wa sm 45 kwa 35, ukiacha sm 1.5 kila upande kwa ajili ya kukunja na kushona. Ndani yake chora mstatili mwingine, sm 5 kutoka ule wa kwanza. Ukanda ulio kati ya mistari ni pindo. Eneo la ndani, sm 35 kwa 25, ni mji.

Muhuri wa pindo una sm 5 kwa 5. Upande mrefu unachukua mihuri 9, mfupi 7, na kwa kuwa pembe zinahesabiwa kwa pande mbili, jumla ni 28: pembe 4 na 24 za kawaida. Waache wanafunzi waitafute hesabu hiyo wenyewe kwenye daftari la miraba. Wengi watasema 32, na watagundua kosa watakapozijaza pembe mara mbili. Tumechagua 9 na 7 makusudi, maana namba witiri humpa mwanafunzi muhuri mmoja unaokaa katikati kabisa ya upande.

Mihuri

Soli ya kandambili ndiyo malighafi bora na rahisi kupatikana. Kandambili moja ya mtu mzima hutoa miraba 4, wakati mwingine 5, ukikwepa matundu ya kamba. Kila jozi ya wanafunzi inahitaji miraba miwili, wa pindo na wa pembe, hivyo kandambili 10 zinatosha. Tumia upande wa juu wa soli, si ule wenye mabonde ya kukanyagia, na usichukue sehemu ya kisigino iliyolika: imeinama, na katikati ya chapa patabaki peupe hata ukandamize vipi. Kwa fundi seremala omba vipande 40 vya mbao vya sm 5 kwa 5, unene sm 2 au 3. Hivi ndivyo vitakuwa mishikio.

Mchoro uwe na sehemu nene. Mstari wowote, uliobaki juu au uliochimbwa, usipungue mm 3. Korosho, nyota, jani la mwembe, jicho la samaki, vyote vinafaa. Uso wa mtu haufai kwa ukubwa huu. Kumbusha kwamba muhuri hugeuza picha: korosho iliyoinamia kushoto kwenye soli itainamia kulia kwenye kitambaa.

Kukata ni kwa wembe wenye mshikio. Kata mara mbili kwa kuinamisha, mara moja kutoka kila upande, ili mikato ikutane chini na utepe wa umbo la V utoke wenyewe. Wembe uelekee mbali na mkono ulioshika soli, na soli iwe imekaa juu ya meza, kamwe isiwe kiganjani. Kuanzia darasa la sita wanaweza kukata wenyewe, watano watano, mwalimu akiwa amesimama pale pale. Walio chini ya hapo, akate mwalimu. Ipo njia ya mkato ya kukandamiza mistari kwa kalamu ya wino, lakini soli hurudi juu yenyewe baada ya dakika chache na mistari inazibika. Kwa watoto wadogo ni afadhali kubandika kamba ya katani ya mm 3 juu ya kipande cha mbao kwa gundi nyeupe ya mbao na kuiacha usiku kucha. Muhuri wa namna hiyo usilowekwe, gundi itaachia.

Soli haishikwi na gundi nyeupe. Tumia gundi ya viatu: paka soli, paka mbao, subiri dakika 10 mpaka isinate kidoleni, kisha kandamiza. Harufu yake ni kali, basi mwalimu aifanye kazi hiyo nje, wanafunzi wakiwa wamekwenda. Mgongoni mwa kila mbao chora mshale unaoonyesha upande wa juu. Bila mshale huo, katika mihuri 28 angalau mmoja utawekwa kichwa chini.

Mji hauhitaji muhuri wa kudumu. Bamia iliyokatwa kwa upana hutoa ua la pembe tano, bua la jani la papai hutoa pete safi, na kiazi mviringo kilichokatwa nusu kinachongeka haraka. Kiazi kina maji, kwa hiyo kifutwe na kulazwa kifudifudi juu ya gazeti dakika 10 kabla ya kukitia rangi, la sivyo chapa za kwanza zitakuwa hafifu na zenye madoa. Kesho yake kitakuwa kimesinyaa, kitupe.

Rangi

Kwa kitambaa kitakachofuliwa, tumia rangi ya maji ya vitambaa, ile ya wachapaji wa fulana. Nusu lita nyekundu na nusu lita nyeusi zinatosha vipande 40. Nyekundu, nyeusi na weupe wa kitambaa ni rangi za kisutu, khanga ya harusi, na kwa kazi ya kwanza hazina mpinzani: makosa madogo humezwa, na wanafunzi hawapotezi muda kuchanganya rangi kumi.

Fedha ikikosekana, chapa kwenye karatasi ya manila kwa rangi ya bango iliyotiwa uji wa wanga wa muhogo. Koroga vijiko 4 vya chakula vya wanga katika maji baridi kidogo kwanza, kisha mimina ndani ya maji yanayochemka, jumla nusu lita, ukikoroga mpaka uwe kama wa kioo. Ukimwaga wanga mkavu kwenye maji ya moto utapata mabonge. Uji huo hudumu siku mbili, ya tatu unanuka. Usiutumie kwenye kitambaa. Utatoka wote kwenye maji ya kwanza.

Kuchapa

Tandika meza magazeti kumi au blanketi kuukuu, maana meza ngumu huacha matundu meupe kwenye chapa. Nyoosha kitambaa na ukibane kingo kwa utepe wa gundi. Weka kipande cha sponji la godoro chenye unene wa sm 1 kwenye mfuniko wa ndoo, ukilainishe na rangi mpaka kiwe kimelowa bila kuelea. Rangi hugongwa kwa muhuri, haipakwi kwa brashi. Chapa tatu za kwanza ziende kwenye gazeti.

Anza na pembe nne, halafu muhuri wa katikati wa kila upande, ndipo ujaze nafasi. Mwenye kuanza pembe moja na kwenda moja kwa moja hufika mwisho akakuta nusu ya muhuri haina pa kukaa. Kukiwa na upungufu wa mm 4 kati ya pembe na katikati, ugawanywe: milimita moja hivi kila mihuri inapokutana haionekani, lakini nne mahali pamoja zinaonekana kutoka mlangoni. Tia rangi kila mara, kandamiza kwa kiganja, hesabu hadi tatu, inua wima. Anayeinua kwa kusokota ataona kivuli pembeni mwa kila chapa. Mitaro ikijaa rangi, sponji limezidi. Lifute kwa gazeti, safisha muhuri kwa mswaki mkuukuu, uendelee.

Muhuri wa kwanza uwekwe kwenye vipande vyote viwili vya doti kabla ya kwenda wa pili. Jozi zinazomaliza kipande kimoja kwanza hubadilisha mkazo na nafasi bila kujua, na doti haifanani.

Kwa kukausha unahitaji kamba mbili za mita 9, vipande vikining'inia kwa upande mfupi. Rangi ya pili isubiri kesho.

Jina

Jina halichapwi kwa muhuri, maana herufi zote zingepaswa kukatwa kinyume. Likate kwenye plastiki ya jalada la faili. Chukua eneo la sm 30, kila herufi na nafasi ikipewa sm 1.5: unapata nafasi 20. PENYE NIA PANA NJIA ina 19, inaingia. MGENI NJOO MWENYEJI APONE ina 25, haiingii. Wape wanafunzi muda wa kutunga ya kwao. Hapa ndipo darasa linapochangamka, na mwalimu ayasome yote mapema, kwa kuwa jina la khanga linajua kumchoma jirani. Herufi A, B, D, O, P na R ziachiwe vidaraja vya mm 3, vinginevyo matumbo yake yatadondoka. Rangi igongwe kwa sponji karibu kavu, kutoka ukingoni kwenda katikati. Rangi nyingi hupenya chini ya plastiki na kuvimbisha herufi.

Baada ya saa 24 piga pasi upande wa nyuma kwa moto wa pamba, bila mvuke, dakika 3 hadi 5 kila kipande. Subiri siku tatu kabla ya kufua, na fua kwa maji baridi.

Kusahihisha ni kwepesi: laza kipande kimoja juu ya kingine dirishani, mwanga upite, uangalie kama pindo limekaa juu ya pindo na jina juu ya jina.