Unguja–Pemba kwa ndege: dakika 30 za angani, ila siku yako ipangie zaidi

Kila nikisema nakwenda Pemba kwa ndege watu wananambia "ah, nusu saa tu, ushafika". Na kweli, kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume pale Kisauni mpaka uwanja wa Pemba ni kama kilomita 125 hivi, na hizi ndege ndogo za Caravan zinakwenda kilomita 300 na kitu kwa saa, kwahivyo ukitia na kupaa na kutua inakuja kama dakika 30, wakati wa kaskazi upepo unakuja mbele ukielekea Pemba ikazidi dakika mbili tatu, si kitu. Lakini hiyo hesabu ya ndege, sio ya safari.

Ya safari anzia mlangoni kwako. Daladala ya 505 inakufikisha uwanjani lakini inasimama simama njiani, na mie nasema uwe umeshafika saa moja na nusu kabla. Ukishuka kule, mji wa Chake Chake uko karibu tu, ila kama kwenu Wete au Mkoani bado una kilomita 30 hivi za barabara, Micheweni ndio usiseme, sasa panga nani anakuja kukupokea kabla hujapanda. Jumlisha yote, masaa matatu yashakwenda.

Mzigo ndio unaowaliza watu. Mara nyingi ni kilo 15, na wanataka mkoba laini, sio sanduku gumu. Ramadhani moja nilimpeleka mama, sanduku likasoma kilo 23, akachutama sakafuni anatoa doti za kanga moja moja, tende, mchele, anahamishia kwenye kikapu cha ukili nije kurudi nacho mjini, foleni nzima inamtazama. Niliumia sana, kwani ningepima kwa muuza duka mtaani yasingetokea. Na wakikwambia upande mizani na wewe usione umedharauliwa, ndege ya watu 12 hivi kila kilo inahesabiwa.

Tiketi isome vizuri. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, na ukimpigia mzee simu mtajie saa ya Kiswahili, wapo waliofika ndege ishaondoka kwa hilo tu. Ukikata mtandaoni angalia herufi: Unguja ni ZNZ, Pemba yetu ni PMA, ukiona POL hiyo ni Pemba ya Msumbiji!! Na jina liwe sawasawa na kitambulisho, mtoto mchukulie cheti cha kuzaliwa.

Masika, Machi mpaka Mei, mvua ikishika ndege inaweza kusubiri. Kama una miadi ya hospitali Dar au ndege ya kwenda nje, tafadhali toka Pemba siku moja kabla, usiunganishe kwa masaa mawili.

Mwisho, wenye wazee na wagonjwa: semeni siku ileile ya kukata tiketi. Ngazi ya Caravan ni nyembamba na ndani choo hakuna, kwahivyo mzee aende kabla hamjaitwa. Mama magoti yanamsumbua, na kwa vile tulishasema mapema walimpandisha wa kwanza, taratibu, kijana mmoja kamshika mkono na mwengine yuko nyuma yake.