Namna ya kupima msongo wa masomo kwa wanafunzi wa sekondari Mwanza

Kabla ya kuchapa dodoso, amua unachopima: mzigo wa masomo yenyewe, au taabu zote alizonazo mwanafunzi. Msichana wa shule ya kutwa huko Ilemela, anayeanika dagaa na mama yake alfajiri kabla ya kwenda shule kwa miguu, anaweza kupata alama za juu za msongo hata kama hisabati haimsumbui. Kwa sababu hiyo kipimo cha PSS-10 (maswali 10 kuhusu msongo anaouhisi mtu maishani), kilichotokana na kazi ya Sheldon Cohen na wenzake ya mwaka 1983, hakitoshi peke yake, kwani kinauliza habari za mwezi uliopita kwa ujumla. Kitumie pamoja na ESSA, kipimo cha msongo wa masomo cha Jiandong Sun na wenzake cha mwaka 2011, chenye vipengele 16 kuhusu shinikizo la kusoma, wingi wa kazi, hofu ya alama, matarajio binafsi na kukata tamaa.

Dodoso la Kiswahili lijaribiwe kwanza kwa wanafunzi wachache wa shule isiyomo katika sampuli, kila mmoja akieleza kwa maneno yake alivyoelewa kila swali. Vibali vya mkoa na halmashauri, na ridhaa ya wazazi kwa walio chini ya miaka 18, vishughulikiwe mapema.

Chagua wakati kwa uangalifu. Mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne hufanyika kati ya mwishoni mwa Oktoba na Novemba. Ukiwapima kidato cha nne Oktoba na kidato cha tatu Februari, utakuwa umelinganisha kalenda, si wanafunzi.

Siku ya kupima, mwalimu wa darasa atoke nje, maana mwanafunzi anayemwona mwalimu (na pengine fimbo yake) atajibu anachodhani kinatakiwa. Tenganisha madawati, tumia namba badala ya majina, na kila mmoja atumbukize karatasi yake mwenyewe ndani ya boksi lililofungwa.

Katika PSS-10 majibu huanzia 0 hadi 4, na maswali ya 4, 5, 7 na 8 hugeuzwa, yaani 4 huwa 0 na 3 huwa 1. Aliyeweka 4 kila mahali bila kusoma atapata 24 kati ya 40, alama isiyoshtua mtu yeyote. Kwa hiyo kagua karatasi moja moja kabla ya kujumlisha. ESSA hujibiwa kwa 1 hadi 5, na jumla yake ni kati ya 16 na 80. Kisha kokotoa alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi maswali ya kipimo kimoja yanavyoafikiana, kwa data yako mwenyewe. Ikiwa chini ya 0.70, rudi kwenye maswali.

Alama hizi hazitambui ugonjwa. Hata hivyo, weka orodha ya siri inayounganisha namba na majina, na uwaeleze wanafunzi kabla hawajaanza kwamba atakayeandika kuwa anataka kujidhuru ataitwa faraghani siku hiyohiyo na kukutanishwa na mwalimu wa ushauri nasaha.