Leseni ya teksi na leseni ya baa Uingereza: halmashauri inaamuaje, na uandae nini

Ofisi ni moja, na mara nyingi fomu zote mbili hupita mikononi mwa maofisa wale wale. Lakini sheria zake zimegeuziana mgongo. Kwenye teksi, halmashauri imekatazwa kukupa leseni mpaka iridhike kwamba unafaa. Shaka ikibaki, jibu ni hapana. Kwenye leseni ya jengo, yaani ya baa, mgahawa, duka la pombe au ukumbi wa harusi, mambo ni kinyume: siku 28 zikipita bila pingamizi halali, halmashauri lazima itoe leseni, hata kama madiwani hawaupendi mradi wako. Wengi hukwama kwa sababu hupeleka akili ya leseni moja kwenye nyingine.

Mwongozo huu ni wa England na Wales. Scotland ina sheria zake. Ndani ya London, teksi na minikebu (gari la abiria la kuagizwa) ziko chini ya TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, si halmashauri za mitaa.

TEKSI

Hatua ya 1: Soma sera kabla ya kununua gari

Kila halmashauri huchapisha sera yake ya teksi kwenye tovuti. Humo utakuta umri wa juu wa gari, kiwango cha moshi, weusi wa vioo, na iwapo gari lazima liweze kubeba kiti cha magurudumu. Kosa la gharama kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kununua gari kwa mkopo kisha kugundua limepitiliza umri kwa miezi minne. Hakuna kamati itakayokuonea huruma kwa hilo.

Aina ni mbili. Teksi ya stendi, ambayo sheria yake kuu ni ya mwaka 1847, husimamishwa kwa mkono barabarani au husubiri abiria stendi. Minikebu, chini ya sheria ya 1976, lazima iagizwe mapema kupitia opereta mwenye leseni. Dereva wa minikebu akimchukua mtu aliyempungia mkono njiani ametenda kosa, na huenda hana bima kwa safari hiyo. Kwa minikebu, leseni tatu (dereva, gari, opereta) lazima zitoke halmashauri moja. Leseni ya dereva kwa kawaida ni ya miaka 3, ya opereta miaka 5, ya gari haizidi mwaka 1.

Idadi ya teksi za stendi inaweza kuwekewa kikomo pale tu halmashauri inaporidhika kwamba hakuna uhitaji mkubwa ambao haujatoshelezwa. Minikebu hazina kikomo cha idadi.

Hatua ya 2: Leseni ya udereva, miezi 12

Sheria inataka uwe umeruhusiwa kuendesha gari kwa angalau miezi 12. Leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo haibadilishwi kuwa ya Uingereza. Utaitumia mwaka wa kwanza wa kuishi nchini, kisha inabidi ufanye mitihani ya nadharia na ya barabarani. Waliokuwa Ghuba waangalie vizuri: ya Falme za Kiarabu imo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa, na dirisha ni miaka 5 tangu uanze kuishi Uingereza. Ya Oman haimo.

Hatua ya 3: Rekodi ya jinai, ya hapa na ya ulikotoka

Utafanyiwa ukaguzi wa ngazi ya juu wa DBS, taasisi ya serikali inayokagua rekodi za jinai, pamoja na orodha za watu waliozuiwa kufanya kazi na watoto na watu wazima walio hatarini. Cheti kikitoka, jiunge na huduma ya DBS ya kusasisha taarifa ndani ya siku 30, kwa kuwa viwango vya Wizara ya Uchukuzi vya Julai 2020 vinataka dereva akaguliwe kila miezi 6. Ukichelewa, unaanza upya na kulipa upya.

Kama umeishi nje ya Uingereza kwa miezi 3 mfululizo au zaidi, utadaiwa cheti cha mwenendo mwema cha nchi hiyo. Cha Kenya hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na ombi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Cha Tanzania hutolewa na Jeshi la Polisi. Anza na hiki kabla ya kitu kingine chochote, maana ndicho kinachochelewesha mafaili mengi. Aliyekuja kama mkimbizi asiende ubalozi wa nchi aliyoikimbia kutafuta karatasi. Amwandikie ofisa wa leseni mapema, aeleze hali yake, aulize ni ushahidi gani mwingine utakubaliwa.

Kwenye fomu, andika kila hukumu na kila onyo la polisi, hata la miaka 20 iliyopita. Udereva wa teksi hauna kinga ya kawaida ya makosa yaliyokwisha muda wake. Mtu mwenye kosa dogo la zamani aliyeliandika ana nafasi nzuri. Aliyelificha amejitengenezea kosa jipya la udanganyifu, na hilo ndilo kamati italishughulikia.

Hatua ya 4: Vipimo na mafunzo

Halmashauri nyingi hutumia kiwango cha afya cha Kundi la 2, kile cha madereva wa malori na mabasi. Lete fomu iliyojazwa na daktari mwenye kumbukumbu zako za matibabu. Kuna pia mtihani wa Kiingereza, mafunzo ya kuwalinda watoto na watu walio hatarini, mara nyingi na mtihani wa njia na kanuni, pamoja na uthibitisho wa haki ya kufanya kazi nchini. Viza ya muda huwa na leseni isiyozidi muda wake.

Mafunzo ya ulinzi yasichukuliwe kama mapambo. Ripoti za 2014 na 2015 kuhusu mji wa Rotherham, England, zilionyesha jinsi teksi zilivyotumika katika unyanyasaji wa watoto na jinsi halmashauri ilivyofumba macho. Ukali wa kamati za leo una mizizi yake hapo.

Wakati wa kuhuisha leseni, tangu Aprili 2022, utahitaji pia namba ya ukaguzi wa kodi kutoka HMRC, mamlaka ya kodi. Inadumu siku 120, basi usiitoe mapema mno.

Hatua ya 5: Faili likiwa na doa

Faili safi huamuliwa na ofisa mezani. Lenye doa hupelekwa kwa kamati ndogo au jopo. Swali wanalojiuliza, kwa maneno ya viwango vya 2020, ni kama wangemruhusu mtu wanayemjali apande peke yake gari la dereva huyu, saa yoyote ya mchana au usiku. Kipimo ni uwezekano mkubwa, si uthibitisho usio na shaka kama kwenye kesi ya jinai. Kwa hiyo hata tuhuma ambayo mahakama ilikuachia huru inaweza kujadiliwa.

Miaka ambayo viwango hivyo vinapendekeza ipite ni hii: ukatili miaka 10; kusambaza dawa za kulevya 10; kumiliki silaha 7; udanganyifu na wizi 7; kuendesha ukiwa umelewa 7; kukutwa na dawa za kulevya za kutumia mwenyewe 5; kushika simu ukiendesha 5. Kosa lililosababisha kifo, au la unyonyaji wa watu, kwa kawaida hufunga mlango kabisa. Hesabu huanza siku adhabu au marufuku ya kuendesha ilipokwisha. Hapo ndipo wengi hukosea: wanahesabu tangu siku ya kukamatwa.

Usiende mbele ya jopo ukilia kwamba una watoto watano na kodi ya nyumba. Mahakama zimeshaamua, katika kesi ya halmashauri ya Leeds ya 2002 na ya halmashauri ya Cherwell ya 2011, kwamba hali ya familia na riziki ya dereva haina uzito katika swali la kama anafaa. Peleka maelezo mafupi ya kilichotokea, kilichobadilika tangu hapo, na barua za watu wanaolijua kosa lako. Barua inayosema wewe ni mtu mwema, iliyoandikwa na mtu asiyejua ulishtakiwa, hugeuka aibu pale diwani anapouliza.

Ukinyimwa, una siku 21 za kukata rufaa Mahakama ya Mahakimu. Ukinyang'anywa leseni uliyonayo, unaweza kuendelea kufanya kazi rufaa ikisubiriwa, isipokuwa halmashauri imetamka kwamba uamuzi unaanza mara moja kwa usalama wa umma. Kukimbilia mji wa pili kuomba upya hakusaidii: tangu Aprili 2023 halmashauri za England lazima zichungulie rejista ya kitaifa ya walionyimwa, kusimamishwa au kufutiwa leseni.

JENGO

Hatua ya 6: Jua unachoombea

Sheria ni ya 2003. Inahusu kuuza pombe, burudani za aina fulani, na chakula au kinywaji cha moto kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Hicho cha mwisho huwapita wengi: mgahawa wa nyama choma usiouza hata tone la bia bado unahitaji leseni ukitaka kuuza hadi saa 7 usiku. Na kwenye fomu andika 23:00, 05:00, 01:00. Kuna watu wameomba kufunga "saa 5" na wakapewa hiyo hiyo.

Ada hufuata thamani ya jengo kwa ajili ya kodi ya biashara. Hadi pauni 4,300 unalipa 100. Hadi 33,000 unalipa 190. Hadi 87,000 unalipa 315. Hadi 125,000 unalipa 450. Zaidi ya hapo 635. Ukiuza pombe, lazima awepo msimamizi aliyetajwa mwenye leseni binafsi ya kuuza pombe (pauni 37), na fomu yake ya ridhaa iambatane.

Ramani ichorwe kwa kipimo cha 1:100, isipokuwa mmekubaliana kingine kwa maandishi. Ionyeshe mipaka, milango ya kuingilia na ya dharura, ngazi, vyoo, jiko, jukwaa, vifaa vya zimamoto na sehemu pombe itakapouzwa. Mchoro wa kalamu kwenye karatasi ya daftari hurudishwa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Mpango wa uendeshaji

Hapa ndipo leseni inaposhinda au kushindwa. Halmashauri hupima malengo manne tu: kuzuia uhalifu, usalama wa watu, kuzuia kero kwa umma, na kuwalinda watoto. Sentensi kama "tutadumisha amani" haisemi kitu. Andika jambo linaloweza kukaguliwa: kamera zitarekodi muda wote wa biashara na picha zitatunzwa siku 31, anayeonekana chini ya miaka 25 ataombwa kitambulisho, madirisha ya upande wa nyumba za watu yatafungwa kuanzia 21:00, chupa hazitamwagwa nje kati ya 22:00 na 08:00.

Lakini usiahidi usichokiweza. Kila ahadi hugeuka sharti la leseni, na kuendesha kinyume cha sharti ni kosa la jinai: faini isiyo na kikomo, au kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili. Ukiandika walinzi wawili mlangoni kila usiku, Jumatatu yenye wateja saba nayo itawahitaji.

Angalia pia kama mtaa wako umo kwenye tathmini ya msongamano wa baa, yaani maeneo ambayo halmashauri imeona wingi wa baa unaleta fujo au kero. Ukiwa humo, maafisa wakipinga, wewe ndiye utakayetakiwa kueleza kwa nini biashara yako haitaongeza tatizo.

Hatua ya 8: Tangazo la buluu

Siku inayofuata ombi kupokelewa, bandika tangazo la A4 au kubwa zaidi, karatasi ya buluu hafifu, maandishi meusi ya ukubwa wa pointi 16, lisomeke kutoka nje, likae siku 28 mfululizo. Ndani ya siku 10 za kazi litoke pia kwenye gazeti la eneo hilo. Karatasi nyeupe, tarehe ya mwisho iliyokosewa, au tangazo lililofichwa nyuma ya shata iliyoteremshwa, yote huweza kurudisha hesabu ya siku 28 mwanzo. Piga picha ya tangazo kila siku chache.

Ukiomba mtandaoni, halmashauri husambaza nakala kwa polisi, zimamoto, afya ya mazingira, mipango miji na wengine. Ukiomba kwa karatasi, kazi hiyo ni yako, na ukimsahau mmoja ombi halijakamilika.

Hatua ya 9: Pingamizi na kikao

Polisi au afya ya mazingira wakikuandikia barua pepe ya masharti ndani ya siku hizo, jibu upesi. Mara nyingi wanataka saa moja ipungue au kifaa cha kudhibiti sauti kifungwe. Mkikubaliana wataondoa pingamizi, na pasipo pingamizi hapana kikao. Jirani naye mgongee mlango kwa heshima kabla hajakutana nawe kwenye kikao.

Yasipoisha, kikao huitwa ndani ya siku 20 za kazi baada ya siku 28 kwisha, mbele ya madiwani watatu. Jibu notisi angalau siku 5 za kazi kabla, ukisema kama utakuja na nani atakusemea. Nyaraka zote zipeleke mapema: siku ya kikao hazipokelewi bila ridhaa ya pande zote. Muda wa kusema ni sawa kwa kila upande, na mara nyingi ni dakika chache.

Madiwani hawaruhusiwi kukunyima kwa sababu tu soko lina baa za kutosha, kwa sababu utampokonya mtu wateja, au kwa sababu pombe ni haramu kwao. Kero ya jirani nayo lazima iwe na msingi, si hofu tupu. Hilo lilisisitizwa katika kesi ya kampuni ya Thwaites ya 2008. Ushahidi bora kwako ni rekodi. Kwa pauni 21 unaweza kutoa notisi ya shughuli ya muda (ruhusa ya tukio fupi bila leseni ya jengo), ya watu wasiozidi 499, angalau siku 10 kamili za kazi kabla. Usiku wa taarabu mmoja au miwili iliyopita bila simu hata moja kwa polisi huongea kuliko wakili.

Wanaweza kutoa leseni, kuongeza masharti, kukata shughuli moja, kumkataa msimamizi, au kukataa ombi lote. Ukikosa, rufaa ni siku 21, Mahakama ya Mahakimu. Wapinzani nao wana haki hiyo hiyo, kwa hiyo usiagize shehena kubwa ya vinywaji kabla siku hizo hazijapita. Na weka kikumbusho cha ada ya kila mwaka: isipolipwa, leseni husimamishwa, na bia utakazouza wakati huo unaziuza bila leseni.