Manyoya ya kuku au ya mbuzi? Angalia maji kwanza

Mnaojitengenezea ndoano za kichwa cha risasi (zile za kuvulia samaki, zenye kidonge cha madini ya risasi kichwani na manyoya yaliyofungwa kama chambo), msikimbilie manyoya ya dukani. Nyumbani akichinjwa kuku wa kienyeji, omba yale manyoya laini ya karibu na mapaja. Yakitoka majini yanasinyaa mpaka utayadharau, lakini yarudishe, yanafunguka na kucheza hata ukivuta taratibu. Hayo ni ya maji yaliyotulia, kama asubuhi pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kabla upepo haujaanza. Kwenye mkondo, mfano Mto Kiwira unapokaribia ziwa hilo, yanalala yakagandamana na chuma. Hapo funga nywele za mkia wa mbuzi, zina ukakamavu.

Sufu ya sweta la mtumba sikuipenda, inanyonya maji. Nyuzi za kiroba hazinyonyi wala haziliwi na nondo, ila zichambue ziwe nyembamba kama nywele.

Na usijaze! Mara ya kwanza nilifunga kishungi kizima, ndoano ikashuka polepole kama mwavuli. Fundo lipake rangi ya kucha, mara mbili. (Ya mke wangu siku hizi haimalizi mwezi.)