Kufyatua kamera ya filamu bila kuitikisa

Mwenye Nikon FM2 ana faida ambayo ni vyema aitumie: akikivuta kijiti cha kuchelewesha kilicho mbele ya kamera, kioo cha ndani huinuka mara tu kitufe kinapobonyezwa, na shata (pazia linalopitisha mwanga kwenye filamu) hufunguka baada ya sekunde 10 hivi, wakati mtikisiko wa kioo umekwisha kutulia. Kwa kasi za polepole, hasa kati ya 1/15 na sekunde moja, njia hii huushinda waya wa kufyatulia, mradi kamera iwe juu ya tripodi na kinachopigwa picha kisisogee.

Waya nao una kazi yake. Pentax K1000 haina kijiti hicho kabisa, na kwenye alama ya B, ambapo shata hubaki wazi muda wote kitufe kikiwa kimebonyezwa, waya wenye skrubu ya kufungia ndio unaoweza kuiacha shata wazi kwa dakika nzima bila kidole kuigusa kamera. Uukaze kwa upole kwenye tundu la kitufe, kisha uuache ulegee na kujipinda, kwa sababu waya uliokazika husafirisha mtetemo wa mkono hadi kwenye kamera.

Kwa kamera kongwe zenye shata ndani ya lenzi na alama za V (ya kuchelewesha), X na M (za kulinganisha flashi), ningesisitiza kwamba V isiguswe kabla fundi hajaisafisha, kwani mafuta yaliyoganda kwenye gia zake ndogo yanaweza kuikwamisha shata. Kijiti kikisimama katikati, kisilazimishwe kwa kidole.