Kupunguza ulaji wa mafuta kwenye semi-trela, njia ya Dar–Tunduma

Gari likila mafuta kupita kiasi, wa kwanza kunyooshewa kidole ni dereva na utingo wake. Mwenye gari, kabla hujamtuhumu mtu kwamba ananyonya tangi, fanya kwanza haya.

Hatua ya 1: Pima
Jaza tangi mpaka juu kabla ya kuondoka, uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi. Ukifika, jaza tena hadi pale pale, gari likiwa limesimama mahali tambarare, kwa sababu likiinama upande mmoja kipimo kinakuwa cha uongo. Gawanya kilomita kwa lita: kilomita 900 kwa lita 450 ni kilomita 2 kwa lita. Kwenda na kurudi viandike mbalimbali. Dar iko usawa wa bahari, Mbeya iko karibu mita 1,700 juu, kwa hiyo gari linalopanda na mzigo usililinganishe na linaloshuka tupu.

Hatua ya 2: Upepo wa matairi
Kugonga tairi kwa chuma kunaonyesha lililoisha upepo, si lililopungukiwa psi 15. Tumia geji, asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, na usiliruke la ndani kwenye matairi pacha. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata za tairi (vipande vya mpira vinavyogusa barabara), kwenda na kurudi. Ukihisi laini upande mmoja na makali upande wa pili, magurudumu hayajanyooka na gari linajiburuta. Lipeleke alaimenti.

Hatua ya 3: Mwendo
Sheria ya Tanzania inayaruhusu malori makubwa kilomita 80 kwa saa. Ukitoka 80 kwenda 90, nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inaongezeka kwa zaidi ya robo, na anayeishinda ni dizeli yako. Turubai linalopigapiga nalo linavuta gari, likaze.

Hatua ya 4: Gia
Weka mshale wa mizunguko ya injini kwenye rangi ya kijani. Unapokaribia kilima, ongeza kasi kidogo mapema. Ukiona mizani au matuta mbele, ondoa mguu mapema, kwa sababu kila unapokanyaga breki unatupa mwendo ulioulipia mafuta.

Hapa naomba madereva wanisikilize vizuri. Wakati wa kushuka mlima Kitonga wengine wanaweka nyutro wakidhani wanaokoa mafuta. Injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya akseleta, inakata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike, na mzigo wote unabaki juu ya breki zinazochemka. Unapoteza mafuta, na unaweza kupoteza roho. Shuka na gia ndogo na breki ya injini.

Hatua ya 5: Zima
Injini inayounguruma imesimama inakula takriban lita 3 kwa saa. Kwenye foleni ya mpakani Tunduma, zima. Ukitoka kupanda mlima, ipe dakika mbili tatu kwanza ili tabo (chaja ya kusukuma hewa kwenye injini) ipoe.

Hatua ya 6: Kama bado linakula
Angalia filta ya hewa na moshi mweusi. Halafu gari likisimama, sogeza kiganja karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu) bila kuigusa. Ikiwapo moja yenye joto kuliko wenzake, breki yake huenda inashika muda wote, na fundi aanzie hapo kabla hajafungua injekta hata moja.